Cheti cha ndoa hakionekani komini: namna ya kukitafuta hapa Lubumbashi, Kongo (DRC)

Mtu akija kutafuta cheti chake cha ndoa hapa mjini, swali la kwanza huwa "nitalipa ngapi?" Afadhali angeanza na hili: siku ile, kalamu ilishikwa wapi? Ndoa zetu huwa na siku tatu. Kuna siku ya familia, mahari yakipokelewa. Kuna siku ya komini, yaani ofisi ya serikali ya sehemu ya mji, ofisa wa état civil (anayeandikisha vizazi, ndoa na vifo) akisoma vifungu vya sheria na watu wakitia sahihi. Kuna siku ya kanisa, yenye shela, pete na nyimbo. Wengi hukumbuka tarehe ya kanisa, maana ndiyo yenye picha nyingi. Lakini cheti kinachoombwa kazini, ubalozini au mahakamani kinatoka komini peke yake. Ukikitafuta kwa tarehe ya kanisa, katika komini unayokaa leo, kwa jina lililo kwenye kadi yako ya mpiga kura, umeshapotea mara tatu kabla karani hajafungua kitabu.

Nimepanga mambo kwa jinsi tatizo linavyojitokeza dirishani, kwa maneno ya watu wenyewe.

"Karani ametafuta, anasema hatumo"

Usikubali kuondoka hapo hapo, wala usitoe pesa ili "atafute vizuri". Sababu zake zinajulikana, na kila moja ina namna yake ya kupimwa.

Sababu ya kwanza inauma: huenda ndoa ya serikali haikufungwa kamwe. Code de la famille (sheria ya familia), yaani Sheria Na. 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa na Sheria Na. 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, inatambua njia mbili. Ya kwanza ni kuoana mbele ya ofisa wa état civil. Ya pili ni kuoana katika familia kwa desturi, kisha wote wawili wakaenda kwa ofisa huyo kuiandikisha. Misa peke yake, hata iwe ya askofu, haiwaingizi katika rejista ya serikali. Kuna wazee wa komini za Katuba na Kenya, hapa hapa mjini, wenye karatasi ya parokia iliyotunzwa ndani ya Biblia, yenye muhuri na sahihi ya padri, wakiamini kwa moyo wote kwamba ndicho cheti. Kwa Kanisa, ndicho. Kwa serikali bado.

Kupima ni rahisi. Chukua karatasi uliyonayo, usome juu kabisa. Cheti cha komini huanza na jina la nchi, mkoa, mji na komini, kisha namba ya acte (cheti chenyewe), volume (kitabu) na folio (ukurasa), na jina la ofisa aliyeandika. Karatasi ya kanisa huanza na jina la dayosisi na parokia, au jina la Kanisa la Methodisti, Garenganze na mengine. Kama huna karatasi yoyote, tafuta picha. Mara nyingi siku ya komini inajionyesha yenyewe: meza, kitabu kikubwa kilichofunguliwa, bendera ukutani, na mtu mwenye ukanda wa rangi za taifa kifuani.

Sababu ya pili ni kuingia komini isiyo yenu. Lubumbashi ina komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe. Kila moja ina vitabu vyake. Karani wa Kamalondo hawezi kuona kilichoandikwa Ruashi. Ndoa huandikwa pale mmoja wa wachumba alipokuwa akikaa, na katika desturi zetu mara nyingi ni upande wa bibi-arusi. Basi jiulize wazazi wa mke walikuwa wanakaa avenyu gani mwaka ule, ilikuwa komini gani. Ukumbi wa karamu haukusaidii hata kidogo. Na kama mlifungia Likasi, Kipushi au Kolwezi kisha mkahamia huku, rejista ilibaki huko. Tuma ndugu aliye huko, akiwa na barua ya uwakilishi (procuration) na fotokopi ya kitambulisho chako.

Sababu ya tatu ni mwaka, nayo inawasumbua zaidi waliooana kwa desturi. Sheria inataka ndoa ya familia iandikishwe ndani ya mwezi mmoja baada ya kufungwa. Watu hawafanyi hivyo. Mahari yanatolewa 1994, maisha yanaendelea, kisha mwaka 2003 mwajiri wa mume anadai karatasi ili mke na watoto watibiwe kwa jina lake. Wanakwenda komini kwa haraka, wanatia sahihi, wanarudi nyumbani bila sherehe, na siku hiyo inasahaulika. Cheti chao kimo katika rejista ya 2003, ila karani anaambiwa atafute 1994. Kwa hiyo keti na watu wa nyumbani, muulizane: ni lini mara ya kwanza mtu alitudai karatasi ya ndoa? Ilikuwa kazi mpya, nyumba ya kampuni, safari, mtoto kuingia shule? Jibu hilo huleta mwaka wa kweli kuliko kumbukumbu ya karamu. Kumbuka pia kwamba rejista hufungwa tarehe 31 Desemba. Harusi za Desemba ni nyingi, basi ukikosa mwaka mmoja, omba na unaofuata.

"Wamepata ndoa, lakini majina si yale"

Hapa historia ya nchi imeingia ndani ya karatasi zetu. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na watu wakachukua majina ya mababu. Mtu aliyesoma kwa jina la Joseph hadi 1970, akaoa 1975, hatapatikana kwa Joseph. Jina hilo halimo katika kitabu. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi, kadi za mpiga kura zikayachukua, na sasa mtu mmoja anaonekana kama wawili. Mwombe karani atafute kwa jina la kwanza la ukoo na la pili, aliache la ubatizo kando.

Majina ya mahali nayo yalibadilika. Mji uliitwa Élisabethville hadi 1966. Mkoa wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Nchi ilikuwa Zaïre kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Cheti cha 1983 kinachosema "République du Zaïre, Région du Shaba" ni kizima kabisa. Ukiona cheti cha 1983 kinachosema "Province du Haut-Katanga" kwenye fomu iliyochapwa, shtuka: mkoa huo ulianza kufanya kazi 2015. Kinaweza kuwa nakala iliyotolewa juzi kutoka kwenye kitabu cha zamani, na hapo ni sawa. Lakini kama aliyekuuzia anasema ndiyo asili ya 1983, amekudanganya.

Halafu kuna herufi. Karani aliandika alivyosikia. Ngoy, Ngoyi na Ngoie ni jina moja. Mwamba na Muamba pia. Sauti moja ya Kiluba unaweza kuiona kama Ky, Tsh au Ch: Kyungu, Tshungu, Chungu. Usimwachie karani kazi ya kukisia. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi moja kila namna ambayo jina la mume na la mke limewahi kuandikwa: diploma, kadi ya ubatizo, kadi ya kazi, kadi za mpiga kura zote. Mpe karatasi hiyo mkononi. Mtu anayefungua kitabu chenye wino uliofifia husaidika sana akiwa na kitu cha kulinganisha.

Jina likionekana lakini limekosewa, omba uonyeshwe mstari wenyewe katika rejista. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kama rejista ni sahihi na kosa liko kwenye nakala yako tu, karani aliinakili vibaya, na nakala mpya inatosha. Kama kosa limo ndani ya rejista, hakuna mtu wa komini mwenye ruhusa ya kuligusa, hata bourgmestre (mkuu wa komini) mwenyewe. Linarekebishwa kwa hukumu ya mahakama, na hukumu hiyo huandikwa pembeni mwa cheti. Akitokea mtu wa kukuambia "tunaweka blanco (wino mweupe wa kufutia) kidogo, tunaandika juu", mkatalie. Cheti kilichofutwa kitakataliwa siku unapokihitaji, na wewe ndiye utakayeulizwa nani alikifuta.

"Rejista ya mwaka ule haipo"

Imenyeshewa, imeliwa na mchwa, ilipotea ofisi ilipohama, kurasa zimetoka kwenye uzi. Yote hayo hutokea. Mambo mawili yafanyike, kwa utaratibu huu.

Kwanza, usiridhike na neno la mdomo. Omba karatasi ya komini inayosema kwamba walitafuta na hawakuona, au kwamba kitabu cha mwaka huo hakipo. Bila karatasi hiyo, hatua inayofuata haina msingi. Hapo hapo uliza kama nakala nyingine ya rejista ilipelekwa grefe (ofisi ya karani) ya mahakama. Sheria haikutaka kitabu kiwe kimoja tu, ingawa si kila mwaka nakala zilipelekwa. Kwenda grefe kuuliza ni kazi ya asubuhi moja, na kunaweza kukuokoa na kesi nzima.

Pili, kama grefe nako hakuna kitu, unaomba hukumu ya kufidia cheti, jugement supplétif, kwa barua ya maombi katika mahakama ya eneo ambako cheti kilipaswa kuandikwa. Hakimu atataka kujua kwa nini akuamini, kwa hiyo kusanya ushahidi kabla ya kufika. Livret de ménage (kijitabu cha familia) ina uzito, hata ikiwa imechakaa. Fotokopi ya zamani ya cheti, hata isiyosomeka vizuri, inaweza kuonyesha namba na folio. Na kuna sehemu mbili ambazo watu wa Lubumbashi husahau.

Moja ni faili la kazi. Aliyefanya kazi Union Minière, ambayo mwaka 1967 mali zake zilichukuliwa na serikali na baadaye ikawa Gécamines, au aliyefanya reli, SNCC, alikuwa na faili la familia. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali na shule kwa mke na watoto walioandikwa, na ili waandikwe, karatasi ya ndoa iliombwa. Fotokopi inaweza kuwa bado imo ndani, imebanwa kwa pini yenye kutu. Omba kwa barua, ukitaja namba ya kazi (matricule). Wastaafu hawasahau namba hiyo. Mzee anayesahau majina ya wajukuu ataitaja bila kusita.

Nyingine ni parokia, kwa Wakatoliki. Kanisa huandika ndoa mara mbili: katika rejista ya ndoa ya parokia ilipofungwa, na pembeni mwa jina la kila mmoja katika rejista ya ubatizo, pale alipobatizwa. Kwa hiyo hata kama parokia ya ndoa imepoteza kitabu, parokia ya ubatizo, pengine kule Kasenga au Kamina, inaweza kuwa na mstari mdogo: tarehe, mahali, jina la mwenzi. Mstari huo haugeuki cheti cha serikali, lakini mbele ya hakimu unaongea.

Hukumu ikitoka, kazi haijaisha. Omba nakala yake, ngoja muda wa rufaa upite, chukua cheti cha kutokata rufaa (certificat de non-appel), kisha urudi komini hukumu iandikwe katika rejista. Wengi hushika hukumu peke yake na kuipeleka ubalozini. Inarudishwa kwa kukosa hiyo non-appel, na miezi inapita.

"Mume amefariki, karatasi zimechukuliwa"

Hili naliandika polepole, kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Matanga hayajaisha, ndugu za marehemu wanaingia chumbani, wanachukua valizi ya karatasi: livret de ménage, kadi ya kazi, hati ya kiwanja. Mama anabaki na picha. Kisha anaambiwa, "Bila karatasi, wewe ni nani hapa?"

Mama, valizi hiyo haina ndoa yako ndani. Ndoa yako iko komini, katika rejista. Nakala mpya unaweza kuiomba wewe mwenyewe, kwa jina lako, bila ruhusa ya shemeji yeyote. Nenda na kitambulisho chako, cheti cha kifo kama umeshakipata, na yale matatu: komini, mwaka, majina yote. Kama huna nguvu za kwenda, mtoto wako mkubwa aende na barua ya uwakilishi. Omba nakala kamili, copie intégrale, na ukiweza uombe zaidi ya moja, kwa sababu mwajiri atabaki na moja, CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) itataka nyingine kwa pensheni ya mjane, na mahakama nyingine kwa ajili ya urithi. Sheria inamtaja mwenzi aliyebaki katika kundi la pili la warithi, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Watoto ni kundi la kwanza. Kuhesabiwa kwako si huruma ya shemeji. Wanatakiwa na sheria kukuhesabu, na cheti ndicho kinachofungua mlango huo.

Na kama ndoa ilikuwa ya familia tu, haikuandikishwa? Basi komini haiwezi tena kuwaandikisha, kwa kuwa mmoja hayupo wa kusimama. Njia ni mahakama. Fanya haraka kutafuta wale waliokuwepo siku ya mahari, na hasa walioketi upande wa mume, maana neno lao lina uzito kuliko la ndugu zako. Tafuta ile orodha ya mahari ambayo watu huiita facture. Familia nyingi huitunza, ikiwa na sahihi za pande zote mbili chini: mbuzi wangapi, vitenge, suti ya baba, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Karatasi hiyo ya daftari iliyokunjwa mara nne imewafaa wajane.

Ikitokea mwanamke mwingine analeta cheti cha komini chenye jina la mume huyo huyo, tulia. Omba namba, kaulize rejista kama namba hiyo kweli ni ya ndoa hiyo, na tarehe zake. Code haikubali ndoa ya pili wakati ya kwanza haijavunjwa. Na watoto wa huyo mwanamke wasiingizwe katika ugomvi: kama baba aliwatambua kisheria akiwa hai, ni warithi wa kundi la kwanza sawa na wako.

"Wamenirudishia, wanasema hii siyo"

Mara nyingi umepewa attestation badala ya acte. Attestation ni maneno ya ofisi kwamba fulani na fulani wameoana. Acte ni ukurasa wa rejista wenyewe. Ubalozi hutaka acte, tena copie intégrale iliyotolewa karibuni, si muhtasari (extrait) wala fotokopi ya ile ya harusi iliyolamishwa. Msilamishe vyeti! Ile plastiki hufunika muhuri, na haiwezi kugongwa muhuri mwingine juu yake.

Kwa matumizi ya nje ya nchi, sahihi ya komini lazima ithibitishwe ngazi kwa ngazi, hadi Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Uliza ubalozi husika orodha yake kabla ya kuanza, ili usilipie ngazi wasiyoitaka.

Pia kuna cheti cha zamani kinachoonyesha bibi-arusi wa miaka 16 au 17. Code ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa kuanzia miaka 15, na leo umri ni 18 kwa wote wawili. Kama afisa wa nje anauliza, mweleze mwaka wa ndoa na sheria iliyokuwepo. Usikubali mtu akubadilishie tarehe ya kuzaliwa.

"Fomu inataka leseni ya ndoa"

Hilo linatoka hasa Marekani. Kule wachumba huchukua kwanza ruhusa kwa karani wa kaunti, na baada ya harusi ruhusa hiyo hurudishwa kuandikwa. Kwetu hakuna karatasi ya namna hiyo. Kabla ya ndoa kuna faili tu: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha useja, na tangazo linalobandikwa komini. Weka acte de mariage mahali hapo. Kinyume chake, kama dada yako aliolewa Marekani na unasaka cheti chake, usiandikie Washington. Anza na ofisi iliyotoa leseni, na mara nyingi ni ile ya kaunti. Kwa waliofunga ndoa ya serikali Zambia, Ndola au Kitwe, ulizia baraza la mji.

"Tuko wote wawili, hatukuwahi kuandikisha"

Nyinyi ndio wenye kazi nyepesi kuliko wote niliowataja, na ndio mnaochelewa zaidi. Ule mwezi mmoja ukipita, ndoa yenu haifi. Nendeni komini mnayokaa, mume na mke, pamoja na mtu wa kila familia anayeweza kusema mahari yalitolewa. Chukueni vitambulisho na facture ya mahari kama ipo. Ofisa atawauliza mnachagua utaratibu gani wa mali: kila mtu na zake, mali zilizopatikana ndani ya ndoa kuwa za wote, au kila kitu kuwa cha wote. Msijibu "chochote". Mkikaa kimya, sheria inawapa ule wa pili. Zungumzeni nyumbani usiku ule kabla ya kwenda.

Lipeni kwenye kasha (dirisha la malipo), mdai risiti. Wale vijana wa mlangoni wanaosema watakuleteeni cheti jioni bila nyinyi kuingia, waacheni. Cheti kinachotoka bila nyinyi kutia sahihi hakina ukurasa katika rejista.

Kabla ya kuondoka dirishani, someni herufi kwa herufi majina yote, tarehe za kuzaliwa na mahali, mbele ya karani, wino ukiwa bado haujakauka. Pigeni picha ukurasa wenye namba, volume na folio, mzitume kwa watoto wote, walioko Kolwezi na walioko Ulaya.